Forester ya tabo imepata nguvu za ajabu halafu inakata ghafla, fundi anasema tuidanganye sensa. Nifanyeje?

#1 Kalenga_Moja

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wa haraka maana Jumapili natakiwa kurudi Dar.

Gari ni Subaru Forester SG5 ya 2004, injini EJ205 yenye tabo, otomatiki. Huu ni mwaka wa tatu ninayo. Mwezi uliopita fundi alinishauri tutoe masega (kile kichujio cha moshi ndani ya ekzosi) na kuweka bomba pana la ekzosi kuanzia kwenye tabo hadi nyuma, eti gari lipumue. Alipokuwa humo humo akabadilisha na vile vimipira vyembamba vya presha vilivyokuwa vimekauka. Lilitoka pale linanguruma kama simba, sikuwa na ugomvi naye.

Jana nimetoka Dar saa kumi alfajiri. Mpaka Mikumi hamna shida (pale hifadhini unatambaa tu, faini mnazijua). Baada ya Ruaha Mbuyuni nikaona gari limebadilika. Nikikanyaga kidogo linaruka, kiti kinanisukuma mgongo. Nikasema moyoni kumbe hela ya fundi haikwenda bure. Kitonga nimeipanda malori nayaona kama yameegeshwa.

Karibu na kileleni nikakanyaga hadi mwisho, gari likafanya KWAA, kama mtu amelishika mkia, likakata, kisha likaendelea. Nikirudia, linarudia. Nina geji ya busti (presha ya hewa inayoshindiliwa na tabo) aliyoifunga mwenye gari wa kwanza, miaka yote nimeizoea inasimama 0.8 bar. Jana nimeiona 1.4, na taa ya cheki injini ikawaka.

Nimempigia fundi. Anasema hiyo ni kompyuta inalibana gari, kuna kidude kinafungwa kwenye waya wa sensa ya presha, 150,000/= pamoja na ufundi, halitakata tena. Nimpe kazi? Mke wangu anasema turudi na basi.

#2 Sisimizi

Mimi mwaka wa kumi napanda basi, sijawahi kukatiwa na kompyuta. Karibuni chamani.

#3 Spana17

Kalenga, mama watoto ana akili kukuzidi. Usimpe huyo fundi hata mia mpaka umalize kusoma hapa.

Tabo inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. Ukikanyaga, moshi unaongezeka, tabo inazunguka kwa kasi, inashindilia hewa zaidi, hewa zaidi inaleta mafuta zaidi, mafuta zaidi yanaleta moshi zaidi. Yaani ni mbwa anayekimbiza mkia wake. Kisipokuwepo kitu cha kusema "basi, inatosha", busti inapanda mpaka kitu fulani kivunjike.

Kitu chenyewe ni westigeti. Ni kimlango kidogo ndani ya tabo kinachopitisha moshi pembeni bila kuzungusha feni. Kimlango kinasukumwa na kikopo chenye springi, na kikopo kinapata taarifa ya busti kupitia KAMPIRA KAMOJA kembamba kama mrija wa soda. Presha ikifika, inasukuma springi, mlango unafunguka. Kampira kakichomoka au kupasuka, kikopo hakisikii chochote. Kinadhani gari limepaki. Mlango unabaki umefungwa na tabo inajipigia tu.

Vimipira vimebadilishwa mwezi uliopita. Mwezi huu busti imetoka 0.8 hadi 1.4. Mimi sio mganga lakini jibu naliona kutoka huku Mbezi.

Na huko kukata mafuta ndiko kulikokupa nafasi ya kuandika uzi huu leo. Kompyuta imeona presha imevuka mpaka wake, ikafunga nozeli zinazonyunyizia mafuta kwa muda mfupi ili injini isife. Kidude cha fundi kinachofanya ni kuidanganya: presha ni 1.4 lakini sensa inaripoti kiwango cha chini ambacho kompyuta haikishtukii. Umeme wa nyumba ukikata saketi breka, utaifunga kwa waya isikate tena?

Soma pia msimbo wa hiyo taa. Kama ni P0234 ni busti kupita kiasi.

#4 Kalenga_Moja

Msimbo nimepima asubuhi hii hapa Iringa mjini, ni P0234 kweli. Spana17 ubarikiwe.

#5 TaboLisizimike

Mnamtisha jamaa bure. Vijana wa Japan wanaendesha 1.5 bar kila siku na wanaenda kazini nayo. Hewa ni hewa tu, itaharibuje chuma?

#6 Spana17

Mkuu, hao vijana wana pistoni za kufuliwa, nozeli kubwa, pampu kubwa, kompyuta iliyopangwa upya, na pampu za kwao zinauza petroli ya oktani 100, yaani inayostahimili kushindiliwa bila kulipuka yenyewe. Forester hii ya Kalenga ilipangiwa mafuta hayo ya bei ya juu ya Japan. Huku inakunywa tunachouziwa, ambacho hakifiki 100, kwa hiyo hata kwenye 0.8 yake ya kiwandani haina akiba kubwa.

Kuhusu hewa ni hewa tu. Ukishindilia hewa inapata moto. Shika pampu ya baiskeli ukimaliza kujaza tairi utaona. Chukua hewa ya Dar ya nyuzi 30, ishindilie kwa 0.8 bar na tabo yenye ufanisi wa asilimia 70: inatoka na nyuzi kama 110. Ipeleke 1.4, inakaribia 150. Na hapo nimeipa tabo heshima, maana tabo ndogo kama hiyo ukiitoa nje ya eneo lake ufanisi unashuka, inakuwa kikausha nywele. Intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo) ya Forester imekaa juu ya injini, inapokea joto kutoka chini, na mlimani upepo wa kuipoza ni mdogo kwa sababu mwendo ni mdogo.

Sasa weka hewa hiyo ya moto ndani ya silinda pamoja na petroli, ishindilie tena na pistoni. Mafuta yanaweza kulipuka yenyewe mahali ambapo moto wa plagi haujafika. Badala ya kusukuma pistoni kwa utaratibu, yanaipiga kama nyundo. Wazungu wanaita noki.

#7 Mama_Legacy

Samahani kaka Spana, huku kwetu gari likinoki maana yake injini imekufa, tunatafuta nyingine Ilala. Ndiyo hiyo hiyo?

#8 Spana17

Dada swali zuri sana, hapa watu wengi wanapotea. Noki ya mtaani ni injini iliyokwisha kufa, mara nyingi beringi za koniroodi zimekwisha na unasikia ko-ko-ko. Noki ninayosema mimi ni ya mafuta, kasauti kama kokoto zinatikiswa kwenye kopo la bati, na mara nyingi huisikii kabisa kwa sababu ya kelele za ekzosi pana. Ya pili ni mama, ya kwanza ni mmoja wa watoto wake. Watoto wengine ni gasketi ya silinda hedi kuungua, pistoni kutoboka, na ule uliozoeleka kwa Subaru za tabo: ukuta mwembamba wa pistoni kati ya ringi na ringi kumeguka.

Injini ina sensa ya kusikiliza noki, ikiisikia inachelewesha moto wa plagi. Inasaidia. Lakini inachelewesha baada ya kusikia, yaani nyundo ya kwanza imeshapiga.

#9 Chalinze_Usiku

Naomba niwe mfano hai, au mfu.

Nilikuwa na Impreza WRX, injini hiyo hiyo EJ205. Nilifunga kidude hicho hicho. Sitamtaja aliyenifungia, tumeshasameheana. Wiki tatu nilikuwa mfalme wa Barabara ya Morogoro. Busti 1.3, haikati, raha tupu.

Kilichoniua sio busti peke yake, ni mafuta kuisha njiani. Si tangini, nyie! Nozeli zina kikomo. Zikifika mahali zipo wazi muda wote hazina cha kuongeza. Hewa inaendelea kuongezeka, mafuta yamesimama. Injini ya petroli ikiwa kwenye busti inataka sehemu 11 hadi 12 hivi za hewa kwa moja ya mafuta, kwa sababu mafuta ya ziada ndiyo yanapoza. Yangu baadaye tulikuja kukadiria ilikuwa inapita 13. Moto mkali, hakuna kipooza.

Siku yenyewe nilikuwa natoka Chalinze saa nne usiku, gia ya nne, nimekanyaga. Sikusikia mlio wowote mkubwa. Nilichoona ni moshi wa bluu kwenye kioo cha nyuma, taa za aliyekuwa nyuma yangu zikapotea. Nikapaki, nikafungua boneti, kijiti cha kupimia oili kimejichomoa chenyewe na oili imetapakaa. Presha ya silinda ilikuwa inapita pembeni ya pistoni kwenda chini kwenye sampu, bakuli la oili.

Kufungua: pistoni namba nne, ukuta wa ringi umemeguka kipande kama ukucha. Pistoni moja tu, lakini kile kipande kilichubua silinda, kwa hiyo bloku nayo kwaheri.

#10 Kalenga_Moja

Daah. Nimesoma huku nalitazama gari kupitia dirishani.

#11 HiluxNyeupe

Sisi wa dizeli tupo salama jamani? Nina Hilux yenye injini ya 1KD, nikipanda mlima na mzigo linapoteza nguvu ghafla, nikizima na kuwasha linarudi. Msimbo ni huo huo P0234.

#12 Spana17

Dizeli ni hadithi nyingine kidogo. Dizeli haina noki ya namna hii, na hewa ikizidi mafuta, injini ya dizeli inapoa, haipati moto. Tabo yako haina westigeti ya mlango, ina mapezi yanayojikunja na kujikunjua kubadili njia ya moshi. Masizi yakijaa, mapezi yanakwama yakiwa yamebana, busti inapita, kompyuta inaona, inaliingiza gari kwenye hali ya kujilinda. Ukizima na kuwasha inasahau. Kwako hatari ni tabo yenyewe: inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikiwa na afya, juu ya utando mwembamba wa oili. Ikizidishwa, shafti inayumba, feni inagusa ukuta, na vipande vya upande wa hewa vinakwenda kulekule hewa inakokwenda. Halafu sili ikiachia, injini ya dizeli inaweza kuanza kunywa oili yake kama mafuta na isizimike hata ukitoa ufunguo. Peleka tabo ikasafishwe mapezi.

#13 Kijana_wa_IST

Wakuu IST yangu haina nguvu mlimani, naweza kuifunga tabo ya Forester? Bei gani?

#14 Sisimizi

Mdogo wangu, fungua uzi wako. Au njoo huku kwenye basi.

#15 Ngong_Kijani

Salaam kutoka Nairobi. Nimefuata huu uzi kimya kimya lakini kuna kitu hamjagusa. Geji ya busti hupima tofauti kati ya ndani na hewa ya nje, si presha kamili. Dar mko baharini, hewa ya nje ni kama 1 bar. Huku kwetu mita 1,800 hivi, hewa ya nje ni kama 0.82. Kwa hivyo 0.8 ya geji ya Dar ni 1.8 kamili, 0.8 ya Nairobi ni 1.62. Ndiyo maana mtu wa huku husema gari lake ni zito, anaongeza busti hadi geji isome karibu 1, kufidia tu. Lakini tabo yake sasa inashindilia hewa mara 2.2 badala ya mara 1.8, inazunguka kwa kasi zaidi kupata kitu kilekile.

Kisha Desemba anashuka Mombasa na ile kontrola ya mkono ya kupanga busti aliyoiweka Nairobi. Springi ya kikopo hulinganisha na hewa ya mahali ulipo, kwa hivyo geji bado inasoma karibu 1, lakini sasa ni 2 kamili, joto la Pwani juu yake, na intakula imekaa kwenye foleni. Nimeona injini mbili za Subaru zikifunguliwa Januari kwa hadithi hii hii. Wenyewe huapa kwamba hawakugusa kitu, na ni kweli, hawakugusa.

Hata Formula 1 ilipotaka kuzibana tabo, vali waliyofunga ilikuwa ya presha kamili: 4 bar mwaka 1987, 2.5 mwaka 1988, na 1989 tabo zikapigwa marufuku kabisa. Geji ya kawaida ingewasoma 3 na 1.5.

#16 TaboLisizimike

Sawa nimenyoosha mikono. Ila mimi nadhani tatizo la Kalenga ni bomba pana, sio kampira. Ukitoa masega kimlango cha westigeti kinakuwa kidogo, moshi unaikosa njia ya pembeni, busti inatambaa kupanda.

#17 Spana17

Hoja ya msingi na inapimika. Kalenga, umeliangalia geji linapanda vipi? Kama inafika 0.8, inasimama kidogo, halafu inapanda taratibu kadiri mizunguko inavyoongezeka hadi 6,000, hiyo ni bomba. Kama inapita 0.8 bila hata kupiga hodi, hiyo ni kampira au kikopo.

#18 Kalenga_Moja

Haikupiga hodi. Ikifika 3,000 inapaa moja kwa moja.

#19 Spana17

Gari lipoe kabisa. Fungua bati la kukinga joto la tabo, fuata kampira kutoka mdomo wa tabo hadi kwenye kikopo. Usiangalie kwa macho tu, kavute kwa vidole. Halafu sukuma mkono wa kikopo, uone kama kimlango kinacheza au kimeganda.

#20 Kalenga_Moja

Nimerudi. Mikono yangu michafu mnisamehe makosa ya kuandika.

Kampira hakajachomoka, kamepasuka kwa chini pale kanapoingia kwenye kikopo, hukaoni mpaka ukageuze. Kamekuwa kagumu kama makaroni mabichi. Fundi wa hapa Iringa amecheka, anasema huo ni mpira wa tangi la samaki. Mwezi mmoja tu kwenye joto la tabo! Kanabano nako hakakuwepo. Mkono wa kikopo unacheza vizuri.

Tumeweka mpira wa silikoni na vibano pande zote. Nimejaribu barabara ya kwenda Ipogolo. Haikati tena. Ila sasa kituko: geji inasimama 0.5 na inapanda pole pole mpaka 0.7 karibu na 6,000. Mbona haifiki 0.8 yangu? Gari limekuwa la bibi.

#21 TaboLisizimike

Hiyo 0.5 hadi 0.7 inayotambaa ndiyo bomba langu. Nilisema.

#22 Spana17

Umesema kweli, kutambaa ni bomba lako, chukua pointi moja.

Kalenga, kwenye mpira wa zamani wa Subaru, upande unaotoka kwenye tabo, ndani yake kuna kidonge cha shaba chenye tundu dogo kama la sindano. Watu wengi hawajui kipo. Kazi yake ni kupunguza hewa inayokwenda kwenye kikopo, ili solenoidi (vali ya umeme inayoamriwa na kompyuta) iweze kuvujisha ya kutosha na kompyuta iongeze busti juu ya nguvu ya springi. Fundi akibadilisha mipira na kutupa ya zamani na kidonge ndani yake, kikopo kinapata hewa yote, mlango unafunguka mapema, unabaki na busti ya springi tu. Ndiyo hiyo 0.5. Ukisikia mtu anasema kidonge kikipotea busti inazidi, kakariri kinyume.

Sasa jibu hili kwa ukweli. Kuanzia mwezi uliopita ulipotoka gereji mpaka jana, geji ilikuwa inasoma ngapi?

#23 Kalenga_Moja

...

Sikuwa naiangalia. Nilikuwa nasikiliza ekzosi.

#24 Chalinze_Usiku

HAHAHAHA. Umeendesha mwezi mzima gari lililopungua nguvu ukidhani limeongezeka kwa sababu linapiga kelele. Ndiyo maana mpira ulipopasuka pale Ruaha Mbuyuni ukaona umepewa ndege. Mkuu usijisikie vibaya, sote tumepita huko.

#25 Mama_Legacy

Ameyatupa na masega pia?

#26 Kalenga_Moja

Masega aliniambia ni takataka. Nimeambiwa hapa Iringa kuwa yana wanunuzi. Nimenyamaza.

Swali la mwisho kwa Spana17. Naweza kurudi Dar nalo? Na nitajuaje kama zile 1.4 za Kitonga zimeniachia ugonjwa?

#27 Spana17

Kwa 0.5 unarudi vizuri tu. Kidonge usikihangaikie kwanza, ukikirudisha na hilo bomba pana busti itafika 0.8 na itaendelea kutambaa juu yake. Kwanza bomba lenye masega au kimlango kipanuliwe na mtu mwenye mashine, kidonge baadaye.

Badilisha oili kabla ya kuondoka, iangalie kwenye mwanga kama ina vumbi linalometameta. Toa plagi zote nne, ziangalie weupe kwa lenzi: vidoadoa vidogo vya aluminiamu kwenye kauri vinatoka kwenye pistoni. Kisha pima kompresheni injini ikiwa ya moto, plagi zote nje, fyuzi ya pampu ya mafuta imetolewa, pedali imekanyagwa hadi mwisho. Nitumie namba.

#28 Kalenga_Moja

Oili safi. Plagi tatu safi, ya nne ina vidoa viwili vitatu, labda uchafu.

Silinda ya 1: psi 150
Silinda ya 2: 148
Silinda ya 3: 150
Silinda ya 4: 128

Fundi akamwaga oili kidogo ya nne akapima tena, ikawa 134.

#29 Chalinze_Usiku

Namba nne tena. Pole ndugu yangu.

#30 Spana17

Jaribio la oili kwenye Subaru halisemi kweli sana kwa sababu silinda zimelala, oili inakaa upande wa chini tu. Ukifika Dar fanya jaribio la kuvujisha hewa: unajaza hewa ya kompresa kwenye silinda pistoni ikiwa juu, unasikiliza inatokea wapi. Ikisikika kwenye mdomo wa kuwekea oili, ni ringi au ukuta wa pistoni. Ikisikika kwenye ekzosi ni vali, na hapo una bahati.

#31 Kalenga_Moja

Wakuu nimefika Dar salama, saa kumi na mbili nilikuwa Kibaha. Geji haikuvuka 0.5 hata mara moja, Kitonga nimeshuka na breki za injini.

Jaribio tumelifanya leo mchana. Fundi alifungua mfuniko wa oili akaniita niweke sikio. Sssssss.

Injini inafunguliwa Jumatatu. Mke wangu ameuliza ile 150,000/= ya kidude nimeiweka wapi, nimemwambia ipo, ndiyo ya kuanzia gasketi.